Spika za sebuleni Rumangabo: sikiliza sauti ya mwimbaji kabla ya mdundo

Rumangabo iko kilomita zipatazo 45 kaskazini mwa Goma, kando ya Barabara ya Taifa namba 2 iendayo Rutshuru. Wengi wanaijua kwa makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga na kwa kambi yake ya jeshi. Lakini tangu kituo cha umeme wa maji cha Matebe kilipozinduliwa mwezi Desemba 2015 kwenye Mto Rutshuru, ukanda huu umeanza kuzoea pia umeme wa nyumbani. Umeme ukishaingia ndani, taa zikawaka na simu zikapata chaji, haupiti muda mrefu kabla mtu hajafikiria muziki.

Hapo ndipo safari ya Goma inapoanza. Katika maduka ya Birere spika, au bafle kama wenyeji wanavyoziita, zimepangwa moja juu ya nyingine hadi karibu na dari. Mnunuzi huuliza bei, kisha huuliza kama ina besi. Muuzaji hufungulia wimbo kwa sauti ya juu, kifua kinatikisika, pesa zinatolewa. Wiki mbili baadaye, sebuleni, mwenye spika hawezi kusikia maneno ya mwimbaji. Kila noti ya besi inavuma kwa namna ileile, na jirani ameshalalamika. Spika si mbovu. Imechaguliwa kwa ajili ya duka, nayo sasa inaishi chumbani.

Mambo matatu, chagua mawili

Hakuna spika inayotoa kila kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, J. Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya KLH ya Marekani, alieleza kanuni ambayo mafundi wa spika wanaifuata mpaka leo. Mnunuzi anataka boksi dogo, anataka besi ya chini kabisa, na anataka sauti kubwa kwa umeme kidogo. Anaweza kupata mawili kati ya hayo. La tatu lazima aliachie.

Historia ya spika imejaa mifano ya watu waliofanya uchaguzi huo. Paul Klipsch, mwaka 1946, alichagua besi na sauti kubwa kwa umeme kidogo. Spika yake ya Klipschorn ikawa kubwa kama kabati, na ilibidi ikae kwenye kona ili kuta za nyumba ziisaidie kusukuma sauti. Mwaka 1954 Edgar Villchur na Henry Kloss walikwenda njia nyingine. Katika spika yao ya AR-1 walifunga boksi lisitoe hewa kabisa, na hewa iliyobanwa ndani ikawa ndiyo springi ya koni. Besi ya chini ikatoka kwenye boksi la kuweka juu ya rafu, lakini gharama ikahamia kwenye amplifaya, ambayo ilibidi iwe na nguvu zaidi.

Mfano wa tatu ndio unaotufaa zaidi. Katika miaka ya 1970 wahandisi wa BBC walihitaji spika ya kuweka ndani ya magari ya kurekodia matangazo nje ya studio. Nafasi ilikuwa finyu, na kazi ilikuwa kuhakikisha sauti ya mtangazaji ni safi. Wakatengeneza LS3/5A, boksi lenye urefu wa sentimita 30 hivi. Waliiacha besi ya chini kabisa, wakaiacha na sauti kubwa, ili neno la mtu lisikike kama lilivyotamkwa. Zaidi ya miaka 40 baadaye bado kuna watu wanaoitafuta spika hiyo na kuilipia bei kubwa.

Wati za kwenye katoni

Namba inayovutia macho dukani ni wati. Katoni huandikwa maelfu ya wati, na pembeni yake herufi PMPO. Namba hiyo haimsaidii mnunuzi kwa lolote, kwa sababu haipimwi kwa kanuni inayokubalika na kila kiwanda hujiandikia itakavyo. Namba ya kutafuta ni ile inayosema spika inatoa desibeli ngapi ikipewa wati moja, ukiwa umbali wa mita moja. Mara nyingi imeandikwa nyuma ya boksi au kwenye kijitabu.

Namba hii ina uzito kuliko inavyoonekana. Ili kuongeza desibeli 3 unahitaji wati mara mbili, na ili kuongeza desibeli 10 unahitaji wati mara kumi. Kwa hiyo spika ya desibeli 83 inataka wati 5 kutoa sauti ambayo spika ya desibeli 93 inaitoa kwa nusu wati. Kwa mtu anayetegemea umeme wa mita ya malipo ya kabla, au betri na sola siku umeme ukikatika, tofauti hiyo ina maana.

Tupige hesabu. Betri ya volti 12 yenye saa-ampea 100 ina akiba ya wati-saa 1,200, na ili iishi muda mrefu ni vyema kutumia nusu tu, yaani 600. Amplifaya ndogo za kisasa, zile zisizopata joto, zinaweza kuendesha spika nyepesi kwa wati 15 hivi. Hiyo ni karibu saa 40 za muziki. Amplifaya kubwa ya zamani inaweza kula wati 60 hata ikiimba kwa upole, na betri ileile ikaishia saa 10. Usikilizaji wa kawaida wa sebuleni, ambapo watu wanaweza bado kuzungumza, hutumia chini ya wati moja kwenye spika yenyewe. Mwenye spika inayoitika kwa umeme kidogo hana haja ya mtambo wa ukumbi wa harusi.

Nyumba ya mbao, nyumba ya tofali

Sehemu kubwa ya sauti unayoisikia inatoka kwenye chumba. Chukua sebule yenye urefu wa mita 4. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, na kwa urefu huo chumba hujipigia chenyewe mvumo wa karibu hezi 43. Waya mnene kuliko zote wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutoa hezi 41. Ndiyo maana mpiga besi anaposhuka chini, noti moja inafura na kufunika nyingine zote. Chumba cha mraba ni kibaya zaidi, kwa kuwa urefu na upana huvuma kwa noti ileile.

Goma na Rumangabo zina aina mbili kuu za nyumba, na kila moja inataka spika yake. Nyumba ya mbao, ambayo imeenea kwenye ardhi ya mawe ya volkano, ina kuta nyepesi zinazotetemeka kidogo na kuruhusu besi itoke nje. Ndani mvumo unapungua, jambo zuri kwa msikilizaji. Kilichotoka, hata hivyo, kinaingia kwa jirani, na mabati yasiyokazwa vizuri huanza kuzizima. Nyumba ya tofali au mawe yenye sakafu ya sementi huishika besi ndani. Spika kubwa katika chumba kidogo cha tofali hugeuka kelele, huku mwangwi wa kuta tupu ukila maneno ya mwimbaji.

Katika nyumba zote mbili, dawa ya kwanza haina gharama. Sogeza spika. Ikikaribia ukuta besi inaongezeka, ikiingia kwenye kona inaongezeka zaidi, na ikivutwa mbele nusu mita sauti inafunguka. Spika yenye tundu la hewa nyuma inahitaji nafasi hiyo, ilhali boksi lililofungwa kabisa linavumilia kukaa karibu na ukuta, kwa hiyo linafaa sebule ndogo. Weka twita, yaani kispika cha sauti za juu, usawa wa masikio ya aliyekaa. Kitenge ukutani hupunguza sauti kali za juu peke yake, na ili kutuliza mwangwi wa sauti za kati panahitajika kitu kinene, kama makochi, godoro lililosimamishwa au rafu iliyojaa vitabu. Mvua ya Virunga inapopiga bati, zima muziki. Kushindana nayo ni kuchoma koili ya spika bure.

Muziki tunaousikiliza

Sababu kubwa ya kutanguliza sauti safi ya kati ni muziki wenyewe. Desemba 2021 UNESCO iliandikisha rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Rumba imejengwa juu ya magitaa yanayojibizana: solo, mi-solo na lile la kusindikiza. Juu yake zinakaa sauti za waimbaji wanaopokezana. Karibu vyote hivyo vinaishi kati ya hezi 100 na 4,000, na sehemu ya juu ya eneo hilo ndiyo ambayo sikio la binadamu huinasa kwa wepesi zaidi. Spika ikiharibu hapo, mi-solo linapotea na sebene, ile sehemu ya kucheza, inakuwa fujo.

Rekodi za mwanzo zinaongeza hoja. Studio ya Ngoma ilianza Léopoldville mwaka 1948, na Loningisa ikafuata mwaka 1950. Rekodi zao zilipigwa kwa njia moja ya sauti na kwa vifaa ambavyo havikushika besi ya chini sana. Mtu anayependa Wendo Kolosoy au OK Jazz ya mwaka 1956, ilipoanzishwa, akinunua sanduku la inchi 15 kwa ajili ya besi, analipia kitu ambacho hakimo ndani ya rekodi. Kwaya za makanisa yetu nazo zinabebwa na sauti nne za binadamu. Anayepiga muziki wa vijana wa leo, uliotengenezwa kwa kompyuta na kujaa besi, ana haki ya kutaka zaidi. Hata yeye wufa, yaani koni ya besi, ya inchi 6 hadi 8 inamtosha katika chumba cha mita 4.

Mtumba, uzito na barabara

Spika za mtumba kutoka Ulaya mara nyingi ni bora kuliko mpya za bei sawa, lakini zikague. Gusa ukingo wa koni kwa kidole. Ule wa sponji huoza kwa miaka na unyevu na kumomonyoka, wakati wa mpira hudumu. Fundi anaweza kubadilisha ukingo, kwa hiyo shusha bei, usiikimbie spika. Sukuma koni taratibu kwa vidole viwili, na ikikwaruza ndani, iache. Soma ohmu nyuma: spika ya ohmu 4 kwenye amplifaya iliyotengenezwa kwa 8 inaweza kuichemsha. Beba wimbo unaoujua kwa moyo, uusikilize kwa sauti ya chini. Spika nzuri hueleweka hata ikinong'ona.

Kuna jambo jingine ambalo mnunuzi wa London halifikirii. Mwaka 2012 na tena 2022 Rumangabo iliingia mikononi mwa waasi wa M23, na familia nyingi za Rutshuru zinajua maana ya kuondoka na kile tu kinachobebeka. Boksi la kilo 40 linapandishwa kwa shida juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukumwa, au pikipiki, na siku ya dharura linabaki. Jozi ya kilo 6 kila moja inafungwa kwenye shuka. Katika nchi yetu wepesi ni sifa ya spika sawa na usafi wa sauti.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa msomaji wa Rumangabo, Kibumba au Goma ni huu. Nunua jozi ya spika za ukubwa wa kati, zenye wufa ya inchi 6 au 6 na nusu na desibeli 88 au zaidi kwa wati moja. Chagua boksi lililofungwa kama chumba ni kidogo, lenye tundu kama kuna nafasi nyuma. Achana na besi ya chini kabisa, kwa kuwa chumba chako hakiwezi kuibeba na jirani hakuiomba. Pesa iliyobaki nunulia kilinda-umeme na betri nzuri. Na ukifika dukani, mwambie muuzaji apunguze sauti, kisha msikilize mwimbaji. Ukilisikia kila neno, lipa.