Ajira za mashirika: Hesabu ya kufanya kabla ya kupanda basi la Gairo

KILA mwaka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kinapofanya mahafali mjini Morogoro, wapo wahitimu ambao macho yao hayako serikalini wala benki. Wanatafuta kazi kwenye mashirika yasiyo ya kiserikali. Mshahara wa mradi mara nyingi huzidi ule wa kuanzia wa halmashauri, pikipiki ipo, posho ya safari ipo, na kazi yenyewe iko vijijini, ambako mtaalamu wa kilimo anahitajika.

Gairo ni mfano mzuri wa vituo hivyo. Wilaya hii ilimegwa kutoka Kilosa mwaka 2012 na iko kwenye barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma. Wakulima wake wanalima mahindi, maharage na alizeti, na huko juu Nongwe, kwenye milima ya Ukaguru, viazi.

Tatizo ni kwamba mshahara wa mradi una tarehe ya mwisho. Januari 20, 2025 Marekani ilisitisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na ilipofika Julai 1 mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, liliacha kutekeleza miradi. Nchini Tanzania waliopoteza ajira hawakuwa wazembe. Wengi walikuwa wachapakazi ambao mkataba wao uliegemea mfadhili mmoja.

Tuchukulie mfano wa mhitimu anayelipwa Sh1,200,000 kwa mwezi kwa miaka miwili, kisha akakaa miezi 10 akisaka mradi mwingine. Katika miezi 34 amepata Sh28.8 milioni. Mwenzake aliyekubali Sh850,000 kwa mwezi bila kukatika amepata Sh28.9 milioni, na michango yake ya hifadhi ya jamii haina pengo. Ukubwa wa mshahara wa mwezi, basi, haumwambii mtu mengi mpaka aweke pembeni yake miezi ya kukaa bure.

Hii haina maana kwamba kazi za mashirika zikimbiwe. Swali ni mtu anaondoka na nini mradi unapofungwa. Kuna waliomaliza miaka mitatu kijijini wakiwa wataalamu wa kuandaa semina na kusainisha karatasi za mahudhurio, na ujuzi huo hauna mnunuzi mwingine.

Gairo inafundisha mengi zaidi kwa anayetaka kujifunza. Msimu wa mavuno mkulima anakutana na lumbesa, lile gunia lililoongezwa kilemba mpaka likapita kilo 100 zinazoruhusiwa huku bei ikibaki ya gunia moja. Afisa anayeweza kukaa na kikundi, akapima kwa mizani na kuwaonyesha wanapoteza kiasi gani kwa kila gunia, amejifunza kazi ya soko. Hali kadhalika sumukuvu. Baada ya vifo vya mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, anayejua kukausha na kuhifadhi mahindi inavyotakiwa anahitajika kwa msindikaji, ghalani na kwenye chama cha ushirika, mfadhili awepo asiwepo.

Ujuzi mwingine unaodharauliwa ni wa vitabu vya fedha. Mashirika yanasajiliwa chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, na kanuni za mwaka 2018 ziliyataka yanayopata zaidi ya Sh20 milioni kuweka wazi mapato na matumizi yake. Mtu wa kilimo anayeweza kusoma bajeti na kujibu maswali ya mkaguzi si rahisi kumpata.

Ipo pia njia ya taasisi zinazomilikiwa na wakulima. Mtandao wa Vikundi vya Wakulima Tanzania (MVIWATA), wenye makao yake Morogoro, ulianzishwa mwaka 1993 kwa msaada wa SUA. Nao umepokea fedha za wafadhili, lakini una wanachama wanaobaki mradi ukiondoka. Jirani na Gairo, wilayani Kongwa, kuna soko la mahindi la Kibaigwa, ambalo mtandao huo ulisaidia kulijenga miaka ya 2000 kwa fedha za Ufaransa. Msaada wa ujenzi ulikwisha zamani. Malori bado yanapakia na soko linajiendesha kwa ushuru. Mshahara wa taasisi za aina hii huenda ukawa mdogo, lakini mwajiri wake ni gunia linalopita getini.

Aliyeitwa kwenye usaili asione haya kuuliza fedha za mradi zinakwisha lini, wafadhili ni wangapi, na nani ataendelea na vikundi baadaye. Aulize pia kuhusu mfuko wa NSSF, ambako mchango ni asilimia 20 ya mshahara na mwajiri hatakiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Kisha baada ya miezi miwili aende mwenyewe ofisi za mfuko akaangalie kama fedha zimeingia.