Karo, Mkaratusi na Mto

Katika semina za siku hizi uongozi hufundishwa siku ya kwanza, akili ya hisia siku ya pili, ujasiriamali siku ya tatu, na mazingira hungoja siku ya mwisho, washiriki wakiwa wamekwisha kufunga mizigo yao. Nao mpango huo, ijapokuwa ni mwepesi kwa mwenye kuandaa ratiba, humwachia mwanafunzi dhana ya kuwa haya ni mambo manne, kila moja na mlango wake. Anayetaka kuona jinsi yalivyo jambo moja, na ashuke mteremko wowote wa nyanda za juu za Gusii, katika kaunti za Kisii na Nyamira, kutoka barabara ipitayo mgongoni mwa kilima mpaka mto ulio bondeni, kisha autazame mti atakaoukuta ukingoni. Aghalabu utakuwa mkaratusi.

Asili ya mti huo ni Australia, nao uliletwa Kenya mnamo mwaka 1902 ili kuni zake ziendeshe magarimoshi ya Reli ya Uganda. Sifa iliyowapendeza wenye reli ndiyo iliyompendeza mkulima baadaye: hukua upesi, ukikatwa huchipua tena kutoka kisikini, hautaki palizi nyingi, ng'ombe na mbuzi hawautamani, na katika miaka michache hutoa fito, kisha kuni, kisha nguzo.

Kupandwa kwake mtoni kuna sababu zake, wala si ukaidi wa watu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kisii na 605,576 katika Nyamira, na msongamano wa Kisii ulipita watu 900 kwa kila kilomita ya mraba. Shamba la baba hugawiwa wana, na la wana hugawiwa wajukuu, nalo hukatwa kwa vipande virefu vyembamba viteremkavyo kutoka mgongo wa kilima hadi majini, ili kila mrithi apate juu mahali pa kujenga, katikati mahali pa mahindi, ndizi na majani chai, na chini haki yake ya maji. Sehemu hiyo ya chini, kwa kuwa ni chepechepe, haikubali mahindi, bali mkaratusi huukubali. Soko nalo liko karibu, maana viwanda vya chai, kama vile Kebirigo, Nyansiongo na Sanganyi vya Nyamira, au Nyamache na Ogembo vya Kisii, huhitaji kuni za kuchemshia maji ya mvuke unaokausha majani. Basi mkulima mmoja hukiuzia kiwanda majani ya shamba lake la katikati na kuni za shamba lake la chini, na mti ule wa ukingoni huwa ndiyo benki yake: barua ya karo ifikapo kutoka shuleni, au mgonjwa alazwapo hospitali, hakuna mkopo wa kuombwa wala mdhamini wa kutafutwa, ila shoka na mnunuzi.

Madhara yake nayo ni ya hakika. Mti ukuao upesi hunywa upesi, na ukipandwa kwa wingi penye kinamasi, huondoa unyevu ule ule ambao kinamasi kimewekewa kuuhifadhi. Nyanda hizi hupata mvua ipitayo milimita 1,500 kwa mwaka, na kazi ya ardhioevu kama ile ya Sironga huko Nyamira ni kuyapokea maji ya masika yasishuke kwa kishindo, kisha kuyatoa kidogo kidogo siku za kiangazi. Kazi hiyo ikiharibika, mkulima wa juu huchota matope mwezi wa Januari, na mkazi wa chini hupokea msimu wa mvua maji asiyoyahitaji. Kwani mto Gucha, ambao Wajaluo huuita Kuja, haukomi mpakani mwa kaunti, bali hushuka Migori na kuyapita maeneo ya Nyatike, ambako watu huhamishwa na mafuriko, kabla ya kuingia Ziwa Victoria.

Mwaka 2009 serikali ilisema neno lake. John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, aliagiza mikaratusi iliyopandwa penye vyanzo vya maji ing'olewe, na mwaka huo huo idara ya misitu ikatoa mwongozo wa kilimo cha mti huo unaokataza kuupanda kwenye vinamasi na kingo za mito. Kanuni nazo zilikwisha kutenga ukingo wa mto, kuanzia mita 6 hadi mita 30. Amri ilikuwa ya haki na elimu yake sahihi. Hata hivyo mikaratusi mingi ingali imesimama.

Muradi wa makala hii ni kueleza kwa nini, na jibu lepesi la kuwa watu ni wakaidi halitoshi. Michuki huyo huyo, alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, aliziwekea matatu kanuni za mikanda na vidhibiti mwendo zilizoanza kutumika Februari 2004, nazo zikatiiwa kwa namna iliyoshangaza nchi nzima. Lakini matatu hupita barabara moja, na polisi mmoja aweza kuzisimamisha mia kwa siku, ilhali hakuna dola iwezayo kuweka askari katika kila kipande cha ukingo wa mto, chenye mmiliki wake, mipaka yake na haja zake. Pale ambapo amri haiwezi kusimamiwa, ridhaa ndiyo askari wa pekee, na ridhaa haipatikani kwa ukali.

Hapa ndipo akili ya hisia inapoingia. Wanasaikolojia Peter Salovey na John Mayer waliandika kuihusu mwaka 1990, na Daniel Goleman akaieneza kwa kitabu chake cha mwaka 1995. Lakini wengi waliosikia habari zake huidhania kuwa ni upole, au ustadi wa kutabasamu mbele ya watu. Sivyo. Ni uwezo wa kutambua hisia iliyo chini ya hisia inayoonekana, ndani ya nafsi yako kwanza, kisha ndani ya mwenzako, na kutenda kwa mujibu wa ujuzi huo. Mzee ahamakiye barazani na kusema kuwa serikali yataka kumnyang'anya shamba huwa hana ghadhabu tupu. Ana hofu ya muhula ujao wa shule, na hofu kuwa leo ataondolewa miti na kesho ataondolewa ardhi. Kiongozi anayejibu hamaki kwa hamaki huwa amejibu neno ambalo halikuwa swali.

Fauka ya hayo, Abagusii wana adabu zao. Robert na Barbara LeVine, walioishi Nyansongo katika miaka ya 1950 na kuandika kuhusu malezi ya huko, walieleza uzito wa ensoni, yaani haya na staha zinazotenga mzazi na mwanawe aliyekua katika mambo kadha wa kadha. Afisa amkaripiaye mzee mbele ya wanawe na wakwe zake, hata akiwa na sheria mkononi, huwa ameufunga mlango ambao hoja njema haitaufungua tena. Insafu na busara zinataka mazungumzo yaanzie faraghani, rika kwa rika, na ahadi itolewe barazani baadaye, na boma zote kwa pamoja, asionekane mmoja kuwa ndiye mkosaji.

Lakini huruma isiyo na hesabu haimlipii mtu karo. Mkulima anayeombwa kung'oa miti huombwa kuacha mapato ya leo kwa ajili ya maji ya baadaye, na ujasiriamali hapa maana yake ni kuijaza nafasi iliyo kati ya siku hizo mbili. Zipo njia. Miti yaweza kuvunwa safu moja kwa msimu badala ya kufyekwa yote kwa siku moja, ili mauzo ya safu ya kwanza yanunue miche ya mianzi au majani ya kulishia ng'ombe wa maziwa. Sehemu chepechepe hustawisha nduma, na juu yake kidogo chinsaga na managu, mboga zisizokosa wateja. Tena mwaka ule ule wa 2009 mpango wa serikali wa kuchimba mabwawa ya samaki ulifika Kisii, na kiongozi mwerevu angaliunganisha mambo hayo mawili, amri ya kung'oa na msaada wa kuchimba, yakaingia boma moja kwa mguu mmoja. Viwanda vya chai navyo vina dhima yake: kiwanda kinachonunua kuni pasipo kuuliza zilikotoka hutegua usiku kile ambacho afisa wa misitu alikitega mchana.

Tabaka, kusini mwa Kisii, yatoa fundisho la ziada. Huko wanaume huchimba na kuchonga mawe laini, wanawake wakayasugua na kuyang'arisha, na machimbo yaliyoachwa yanabaki kuwa mashimo. Mkaratusi huchipua, jiwe halichipui. Kazi za Elkana Ong'esa, mchongaji wa huko aliyevuka mipaka hata akajulikana UNESCO mjini Paris, zinathibitisha kuwa thamani imo katika mkono zaidi ya katika uzito wa mawe. Na mchongaji alipwaye vizuri kwa kimoja hana haja ya kuchimba kumi. Bei ya haki, basi, nayo ni hifadhi ya mazingira.

Limebaki suala la nani aongoze. Mtu akiing'oa mikaratusi yake peke yake huku jirani wa ng'ambo akiiacha, hupoteza fedha asipate maji. Kwa hiyo kazi hii haina faida ila ikifanywa na kingo zote mbili kwa pamoja. Abagusii walikuwa na egesangio, kikundi cha majirani walimao shamba la kila mmoja kwa zamu, na risaga, ambapo wengi hualikwa kwa kazi moja kubwa. Jumuiya za watumiaji wa maji zilizotambuliwa na Sheria ya Maji ya mwaka 2002 zingeweza kuufuata mfano huo, zikaanza na shamba la mwenyekiti. Zamu ikianzia kwake, hana haja ya kuhutubia sana.

Katiba, katika ibara ya 69, yaitaka dola ifikishe miti angalau asilimia kumi ya nchi, na kampeni iliyozinduliwa Desemba 2022 yalenga miti bilioni 15 ifikapo 2032. Ni malengo ya kusifiwa, ila hesabu ya miche haiulizi mche umepandwa wapi, na mkaratusi wa kinamasini huhesabiwa sawa na mzambarau-pori wa ukingoni. Wapiga kura wa Kisii na Nyamira wana kipimo bora zaidi cha viongozi wao, nacho ni maswali matatu ya kuuliza kabla ya kila amri: nani atapoteza, atakula nini katika muda wa mpito, na je, mtoa amri amekwisha kuanza kwake? Asiye na majibu hayo, hata awe na vyeti vya masomo yote manne ya semina, hajawa tayari kuongoza mto mmoja.