Rosemary Karuga: Mwalimu Aliyetengeneza Picha kwa Pakiti za Unga

Wazazi wengi huogopa mtoto akisema anataka kuwa mchoraji. Wanauliza: atakula nini, na rangi zitanunuliwa na nani? Maswali hayo yalimkabili Rosemary Karuga, aliyezaliwa Meru mwaka wa 1928, na yakamchelewesha kwa zaidi ya miaka 30.

Kati ya 1950 na 1952, Karuga alisomea sanaa katika Chuo cha Makerere, Uganda. Wakati huo wasichana waliofika elimu ya juu Afrika Mashariki walikuwa wachache mno, naye ndiye mwanamke wa kwanza kuhitimu katika idara hiyo ya sanaa. Hata hivyo, aliporejea Kenya hapakuwa na soko la kumwezesha kuishi kwa kazi za mikono yake. Akawa mwalimu. Mshahara ulikwenda kwa mahitaji ya nyumbani, na kipaji kikawekwa kando.

Mwaka wa 1987, baada ya kustaafu na akikaribia umri wa miaka 60, alirudi kwenye sanaa kwa kuhimizwa na bintiye. Hakuwa na uwezo wa kununua rangi, kwa hivyo alitumia vilivyokuwa jikoni: makaratasi ya sabuni ya Rexona na pakiti za unga.

Sanaa hiyo huitwa kolaji. Karatasi hukatwa vipande vidogo, vikapangwa na kubandikwa kwa gundi hadi picha itokee. Rangi iliyochapishwa kwenye pakiti huchukua nafasi ya rangi ya brashi: kipande cheusi huwa kivuli, cheupe huwa mwangaza. Kwa njia hiyo Karuga alionyesha maisha ya kijijini, watu na mifugo.

Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1990, kazi zake zilionyeshwa katika Studio Museum, Harlem, jijini New York, pamoja na za wasanii wengine mashuhuri wa Afrika. Alifariki mwaka wa 2021, akihesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa sanaa ya kisasa nchini.

Mzazi au mwalimu mwenye mtoto anayependa kuchora anaweza kumwanzishia leo kwa magazeti makuukuu, pakiti tupu, makasi, na gundi ya unga uliopikwa kwa maji. Mtoto huyo asingoje hadi astaafu.