Leseni ya Muuguzi Katika Majimbo ya Marekani

Katika Marekani, ambako kila jimbo hujitungia sheria yake, North Carolina ndiyo iliyotangulia, mwaka 1903, kuwaandikisha wauguzi katika daftari la serikali; walakini sheria ile ililinda jina tu, kwani asiyeandikishwa hakukatazwa kuuguza, ilimradi asijiite muuguzi aliyesajiliwa.

Siku hizi baraza la wauguzi la jimbo hukikagua chuo kwanza, walimu wake, mitaala na mazoezi ya wodini, kisha mhitimu hukabiliwa na mtihani wa kompyuta ambao, kila ajibupo sawasawa, humletea swali gumu zaidi, na huweza kukoma katika swali la 85 au kumburura hadi la 150. Texas hudai asilimia 80 ya wanaoufanya mara ya kwanza wafaulu, ama sivyo chuo kitajieleza.

Atakayedhani mtihani peke yake watosha, na atazame Florida, ambako Januari 2023 ilifichuliwa biashara ya stashahada za bandia zaidi ya 7,600, na wanunuzi wapatao 2,400, ajabu iliyoje, walikuwa wamefaulu mtihani huohuo. Georgia ikawataka wauguzi 22 waliohusishwa na stashahada hizo warudishe leseni.