Homa kwa mwenye saratani ya damu: usiseme "ni malaria tu"

Hapa Babati, mji wa kando ya ziwa, mtu akipata homa neno la kwanza ni malaria. Atanunua dawa mseto dukani, atameza, atalala. Kwa mgonjwa aliyetibiwa saratani ya damu Muhimbili, Ocean Road au KCMC, kisha akarudi nyumbani kungoja awamu nyingine ya dawa, mazoea hayo yanaweza kumuua kwa usiku mmoja.

Sababu ni hii. Dawa za saratani hupiga seli mbovu pamoja na uboho unaotengeneza damu. Kwa dawa nyingi, kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, chembe nyeupe hushuka sana. Hapo vijidudu vya mdomoni na tumboni huingia kwenye damu bila wa kuvizuia. Usisubiri usaha, kwani usaha wenyewe hutokana na chembe nyeupe, naye hana. Mara nyingi dalili pekee ni homa.

Malaria nayo ni hatari kwake. Hupasua chembe nyekundu za mtu ambaye tayari ana upungufu wa damu. Lakini kipimo kikionyesha malaria, kazi haijaisha. Mtu mzima anaweza kubeba vimelea vya malaria huku homa yake ikiletwa na bakteria. Ndiyo maana mgonjwa huyu hupimwa malaria, na papo hapo huanzishiwa dawa za bakteria kwa mshipa.

Basi weka kipimajoto nyumbani. Ikifika 38, mpeleke Mrara au hospitali ya rufaa ya mkoa saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane. Mlangoni sema: "Yuko kwenye dawa za saratani." Beba cheti chake, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo hugongana na dawa mseto na kuvuruga mapigo ya moyo. Panadol usimpe kabla ya kumpima joto, itaficha homa. Aspirini na diklofenaki usimpe kabisa, wala asichomwe sindano ya tako bila daktari kujua hali yake, maana damu yake huenda haigandi vizuri. Kikombe cha mwarobaini cha bibi kiwekwe kando kwa heshima.

Alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, kiangazi pia. Wanaokuja kumjulia hali wakiwa na mafua wamwombee dua kwa simu.

Na namba ya mwenye bajaji iandikwe ukutani mapema. Homa hizi hupenda kuanza baada ya Isha.