Maziwa ya ngamia: ni nani aliyeandika kwamba yanatibu?

Kama wewe hununua maziwa ya ngamia mtaani Eastleigh, Nairobi, huenda yametoka Isiolo. Akina mama wa mji huo huyakusanya kwa wafugaji walio mbali na barabara, huyatia katika mitungi na kuyapakia kwenye mabasi. Pamoja na maziwa hayo aghalabu huuziwa maneno pia: kwamba yanashusha sukari, yanasafisha tumbo, yanawafaa hata watoto wenye tawahudi.

Siku hizi mtu akisikia hayo hutoa simu na kutafuta. Mara nyingi atafikishwa Wikipedia, kamusi elezo iliyoanzishwa mwaka 2001, ambayo mtu yeyote aweza kuiandika na kuirekebisha. Je, umewahi kujiuliza maneno unayoyasoma humo yamepitia mikono ya nani?

Tuseme kijana wa Isiolo anaandika kwamba maziwa ya ngamia hutibu ugonjwa wa kisukari, kwa kuwa babu yake alisema hivyo. Katika Wikipedia ya Kiingereza sentensi hiyo haitakaa. Mhariri mwingine, pengine yuko Ulaya na hajapata kumwona ngamia, ataifuta na kudai chanzo. Kijana akiirudisha itafutwa tena. Ugomvi wa namna hii una mpaka: mtu haruhusiwi kutengua maandishi ya wenzake katika ukurasa mmoja zaidi ya mara 3 kwa saa 24. Wanaoshindana hutakiwa kwenda ukurasa wa majadiliano, na huko maneno huwa makali kweli kweli.

Kanuni inayoamua ni kwamba haitoshi wewe kulijua jambo. Lazima liwe limechapishwa mahali panapoaminika. Katika mambo ya tiba masharti yanazidi kuwa magumu. Wahariri hutaka vitabu vya udaktari, miongozo ya mashirika ya afya, au makala za wataalamu waliopima tafiti nyingi kwa pamoja. Habari ya gazeti haitoshi. Naam, hata ukurasa huu unaousoma hautakubaliwa, nami siwalaumu. Mwandishi wa gazeti aweza kunakili kamusi hiyo, kisha kamusi ikalitaja gazeti kuwa ushahidi, na uongo ukapata vyeti viwili.

Utafiti mmoja nao hautoshi. Huko Bikaner, India, madaktari waliwapa maziwa ya ngamia wagonjwa wa kisukari wanaotumia insulini, na kiasi cha insulini walichohitaji kikapungua. Lakini wagonjwa hao walikuwa wachache mno. Anayeandika "yanatibu" kwa kutegemea utafiti huo amevuka alichokiona daktari. Kuhusu tawahudi, serikali ya Marekani iliionya kampuni moja mwaka 2016 kwa kuyatangaza maziwa hayo kama tiba.

Hata hivyo kijana wetu ana hoja. Tafiti hugharimu fedha, na wenye fedha hawajashughulika sana na ngamia wa Waborana na Wasomali. Kanuni ya "lete kitabu" humpa nguvu yule ambaye jamii yake imeandikwa vitabuni. Wakenya waliuonja upendeleo huo mwaka 2010, pale ukurasa wa Makmende, shujaa wa wimbo wa kikundi cha Just a Band, ulipofutwa kabla ya kurudishwa na kukubaliwa. Mwaka 2011 baadhi ya wahariri walijaribu dawa nyingine: walirekodi mazungumzo ya wenyeji huko India na Afrika Kusini ili sauti hizo zitumike kama vyanzo. Jaribio hilo lilizua ubishi mkubwa.

Kwa maoni yangu, mambo haya mawili yasichanganywe. Jinsi wafugaji wanavyofukiza vibuyu kwa moshi, au wanavyogandisha suusac, mzee ndiye chanzo bora kuliko profesa yeyote, na kumfuta ni dhuluma. Lakini kama maziwa yanaponya figo au sukari, hapo mzee na profesa wote wapimwe kwa mizani moja. Wapo wazee wanaoamini kuwa kuchemsha huharibu maziwa. Ukilipokea hilo bila kupima, waweza kupata brusela.

Kwa hiyo ukisoma ukurasa wa tiba, bonyeza kile kinamba kidogo mwisho wa sentensi uone kinakupeleka wapi: kwa wataalamu, au kwa muuzaji? Sentensi isiyo na kinamba usiifanye dawa. Kisha fungua ukurasa wa majadiliano. Wakati mwingine ubishi uliomo humo hufundisha kuliko makala yenyewe. Fanya hivyo hasa katika Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, kwani wahariri wake ni wachache na kosa laweza kukaa muda mrefu.

Ikiwa una kisukari, kunywa maziwa ukipenda, ila usipunguze insulini bila daktari wako, na umjulishe kiasi unachokunywa. Yachemshe kwanza. Na kama umekuwa ukiyanywa mabichi, kisha ukapata homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, usikimbilie dawa za malaria. Omba upimwe brusela pia. Matibabu yake huchukua wiki 6 au zaidi, kwa dawa zaidi ya moja, na anayeyakatiza hurudiwa na homa.