Mtoto Anayeuliza "Nani Kasema?" Asikaripiwe

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, leo tunazungumza na wazazi juu ya kumlea mtoto apime maneno kabla ya kuyasadiki.

Hapa Mafia watoto husimuliwa kisa cha Kua, mji uliobaki magofu katika kisiwa cha Juani. Wazee husema watu wa Kisimani waliwaalika wa Kua kwenye sherehe ya kushusha jahazi, wakawakamata watoto wao na kulipitisha jahazi juu ya miili yao. Miaka ikapita, Kua wakalipiza: wakawaalika Kisimani harusini, wakawazibia ndani ya chumba hata wakafa. Mtoto akihoji, "Babu, habari hii ilitufikiaje?" wengi wetu humkaripia: "Nyamaza, huna adabu!"

La hasha! Hilo ndilo swali la maulamaa wa Hadithi. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 256 Hijria (870 Miladia), hakuikubali riwaya mpaka ajue nani kapokea kwa nani, na ukweli wa kila mmoja wao. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuichunguza habari ya fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Naye Nabii Ibrahim (A.S.) alipomuomba Mola wake amuonyeshe vipi huhuisha wafu, ili moyo wake utulie, hakukemewa, bali alionyeshwa (Al-Baqara, 260).

Basi mzazi ampeleke mwanawe Kua, wayatazame magofu ya misikiti na majumba. Amuulize: lipi tunaliona kwa macho, na lipi tumelisikia tu? Amweleze pia habari ya Wasakalava kutoka Bukini kuuvamia mji huo mwanzoni mwa karne ya 19, wazipime pamoja. Asilolijua, aseme "sijui", kama alivyosifika nalo Imamu Malik. Adabu ni namna ya kuuliza: kwa upole na bila ya kumkatiza mkubwa.

Leo simu zinatuletea hadithi za kubuni zinazonasibishwa na Mtume (S.A.W.), na uzushi unaogombanisha majirani. Mtoto aliyezoeshwa kunyamaza atamfuata yeyote mwenye sauti kubwa, hata amwitaye kwenye maangamizi.

Tunamuomba Allah awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa na akili yenye kupambanua. Amin.